Gravye na Graveli za Sultani Mundhiri

Hapo zamani, zama ambazo mfalme akipiga chafya mji mzima hujipangusa pua, aliishi mjane mmoja katika mji wa Kiwambani, jina lake Mize binti Faki. Kazi yake ilikuwa kuponda mawe. Aliketi kutwa kwenye machimbo nje ya lango la mji, nyundo mkononi, akiyavunja mawe makubwa kuwa kokoto, kisha akizichekecha na kuzitenga mafungu kwa ukubwa wake, waashi waje kuchukua. Mali hakuwa nayo, ila ulimi alikuwa nao. Watu walimwita punguani kwa sababu alijibu kila swali kama lilivyoulizwa, bila kuongeza wala kupunguza. Ukimwuliza, "Bi Mize, umeamkaje?" hujibu, "Kwa kufumbua macho," akaendelea kuponda.

Basi Sultani wa mji ule, Mundhiri bin Kahtani, aliingiwa na hamu ya kujenga baraza jipya. Waashi wa mji, walioijenga nyumba ya babu yake na ya baba yake, hakuwataka. Akaagiza mabingwa wawili kutoka ng'ambo, Mfaransa aitwaye Musyu Gastoni na Mwingereza aitwaye Mista Wodi, akaweka na mkalimani, mtu mtaratibu aitwaye Shebwana, aliyezijua lugha zao zote mbili. Misingi ikachimbwa. Siku ya kuijaza, wageni wale wakaja mbele ya Sultani. Musyu Gastoni akaeleza kwa mikono na kwa maneno, na kila akivuta pumzi alitaja gravye. Mista Wodi naye akaeleza, na kila mara alitaja graveli. Sultani akatikisa kichwa kama mtu aelewaye, na moyoni akapendezwa mno na jinsi maneno yale yalivyojaa kinywani. Kisha akamwinamia mkalimani, akanong'ona, "Gravye ni kitu gani?"

"Ni kokoto, Maulana."

"Na graveli?"

"Nayo ni kokoto, Maulana."

Uso wa Sultani ukabadilika. "Mimi niwatoe watu ng'ambo ya bahari, niwalishe kuku kila siku, waje kuniambia kokoto? Kokoto si zile wanazoponda wajane nje ya lango?"

"Ndizo hizo," akasema Shebwana, na kwa neno hilo akatiwa gerezani.

Ikawa tangu siku ile neno kokoto limepigwa marufuku. Mpiga mbiu akazunguka mitaani kutangaza kwamba baraza la Sultani litajengwa kwa gravye na graveli tu, na atakayelitamka lile neno duni atalala kifungoni. Watu wakatii kama watu wanavyotii: askari akiwapo walisema "vile vitu", askari akipita walisema kokoto. Na wageni wale, bila mkalimani, hawakujua wanangoja nini. Kila asubuhi walisimama kando ya misingi mitupu, huyu akiomba gravye, huyu akiomba graveli, naye Sultani akiwaitikia kwa kichwa kwa adabu kubwa. Siku arobaini zikapita hivyo. Mawingu ya masika yakaanza kukusanyika, kingo za misingi zikaanza kumomonyoka, na watu wakaanza kuuliza kama lile ni baraza au ni kaburi la tembo.

Hapo Sultani akaona haya, akaagiza aletwe Mize mponda mawe. Mize akaja na vumbi lake, akapiga magoti.

"Ewe mwanamke," akasema Sultani, "nasikia mawe yote ya mji huu hupita mikononi mwako."

"Yapitayo kwingine siyajui, Maulana."

"Nisikilize basi. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, niletee hapa makapu saba ya gravye na makapu saba ya graveli. Wala isiwemo kokoto hata moja. Nikiona kokoto moja tu, machimbo yako yatafukiwa, nawe utatoka katika mji huu na nguo uliyovaa."

Mize akainama. "Isiwemo kokoto hata moja," akarudia polepole, kama mtu anayepima kitambaa. "Nimesikia, Maulana."

Alipofika machimboni akamweleza mwenzake, Bi Sanura, aliyeketi naye kuponda mawe mwaka wa kumi na moja sasa. Sanura akaweka nyundo chini. "Tumekwisha, dada. Vitu hivyo havipo hapa. Tukavitoe wapi, nasi hata mashua ya kuvukia hatuna?"

"Kwanza tujue ni vitu gani," akasema Mize. Ingawa sauti yake ilikuwa tulivu, hofu alikuwa nayo, kwa kuwa machimbo yale ndiyo yaliyomlisha tangu mumewe afariki, na mahali pengine pa kwenda hakuwa napo. Akajitanda kanga yake, akaenda hadi dirisha la gereza, akamwita mkalimani.

"Bwana Shebwana, gravye ni nini?"

"Ni kokoto, Bi Mize."

"Na graveli?"

"Kokoto. Wafaransa huzigawa kama wewe unavyozigawa, kubwa zina jina lake na ndogo zina jina lake. Waingereza nao vivyo hivyo. Lakini ukizimwaga chini ni kokoto."

"Nawe umefungwa kwa kosa gani?"

"Kwa kulijua hilo."

Mize akatafuna ncha ya kanga. Kisha akamshukuru, akarudi zake, na kicheko kikawa kinamchezea kooni.

Ijumaa ikafika. Baada ya sala uwanja wa Sultani ukajaa watu, maana habari ilikuwa imeenea. Mize akaingia, na nyuma yake Sanura na wanawake wengine wa machimboni, kila mmoja na kapu kichwani lililofunikwa kwa mkeka wa ukili. Makapu kumi na manne yakapangwa mbele ya kiti cha enzi, saba kulia, saba kushoto. Wanawake wale waliyatua kwa kuguna, kama watu waliobeba mzigo mzito. Sultani akajiweka sawa, akaamuru yafunuliwe.

Yalikuwa matupu. Hata vumbi hayakuwa nalo.

"Hiki ni nini?" akauliza Sultani.

"Haya ya kulia ni ya gravye, Maulana, na ya kushoto ni ya graveli. Niliyajaza pomoni. Kisha nikaikumbuka amri yako, isiwemo kokoto hata moja. Nikakaa na wenzangu tukazitoa, moja moja, siku mbili mchana kutwa. Tulipoitoa ya mwisho, makapu yakawa kama uyaonavyo."

"Na gravye iko wapi?"

"Ilitoka pamoja na kokoto, Maulana. Vilishikana mno."

Watu wakaangalia chini. Waziri akakohoa. Sultani akainuka, mishipa ya shingo imemtoka. "Wanidhihaki, mwanamke?"

"Nani amdhihaki mfalme? Mimi sina elimu ya ng'ambo. Wageni wako wapo hapa. Waulizwe wao." Akafungua pindo la kanga, akatoa kokoto za kujaa mkono, akaziweka juu ya ungo na kumsogezea Musyu Gastoni.

Mfaransa yule, aliyengoja siku arobaini, akaushika ungo kwa mikono miwili, macho yakamng'aa. "Gravye," akasema. "Gravye, gravye."

Mize akauchukua ungo uleule, na kokoto zilezile, akampelekea Mwingereza. Mista Wodi akaokota moja, akaitazama huku na huku, akaigonga kwa kucha. "Graveli," akasema, akashusha pumzi ndefu.

Wageni wale hawakungoja ruhusa tena. Wakapiga magoti palepale wakaanza kuzichambua, wakionyesha kwa vidole: hizi kubwa zikae chini ya msingi maji yapate kupenya, hizi za katikati zichanganywe na chokaa na mchanga zishike ukuta, hizi ndogo zitandazwe njiani watu wasikanyage tope. Wakazitenga mafungu matatu, na mafungu yale yalikuwa sawasawa na mafungu ya Mize kule machimboni. Waashi wa zamani waliokuwa nyuma ya umati wakatazamana.

Sultani akaketi. Akaagiza mkalimani atolewe gerezani, akaletwa na majani makavu nyweleni. Musyu Gastoni akamwambia maneno mengi kwa haraka, akiinyooshea kidole ile misingi.

"Asemaje?" akauliza Sultani.

Shebwana akasitasita. "Maulana, nitafsiri, au nirudi nilikotoka?"

"Tafsiri."

"Auliza kwa nini amewekwa siku arobaini kungojea kitu kilichorundikwa nje ya lango, ambacho yeye hukiona kila jioni akienda kupunga upepo."

Sultani akautazama ungo, akayatazama makapu matupu, kisha mabega yakaanza kumtikisika, naye akacheka hata kilemba kikamwinamia sikioni. Ndipo watu nao wakapata kucheka. Kabla ya jua kutua mbiu ikapigwa kwamba neno kokoto limeruhusiwa, na watu wakashukuru kwa heshima, ingawa hawakuwa wameliacha. Mize akaandikiwa machimbo yale kuwa yake, yeye na wenzake, asiweze mtu kuwatoa.

"Na sasa omba jambo la moyo wako," akasema Sultani.

"Naomba Maulana uje machimboni asubuhi moja, uponde fungu moja tu, upate kukijua kitu ulichokitafutia jina."

Ahadi ya mfalme ikiisha kutoka hairudi. Basi Jumatatu Sultani akaja, akawekewa kigoda kati ya Mize na Sanura, akapewa nyundo na jiwe. Pigo la kwanza likateleza. La pili likatoa cheche. La tatu likamwangukia kidole gumba, na neno lililomtoka hapo, wote waliokuwapo wanashuhudia, halikuwa la Kifaransa wala la Kiingereza.