Wa Kusukutua na Wa Kumeza

Sogeeni mbele, jazeni safu, ndugu zangu. Nina mfano wa kuwapa, na atakayekasirika akasirike.

Kulikuwa na mama mmoja katika mji wenye mabomba ya kizamani, yale ya madini ya risasi. Risasi ikawa inaingia kwenye maji kidogo kidogo, nayo ni sumu. Mwanawe mkubwa alikuwa hodari wa kusoma. Sasa ukimwonyesha herufi aliyoijua jana, anakukodolea macho tu. Daktari akasema ni maji. Na kitindamimba ndiyo kwanza ameanza uji! Mama wa watu akawa hapati usingizi.

Basi serikali ikatoa fedha za kubadilisha mabomba, lakini hazikutosha mji mzima. Kamati ya mtaa ikakaa kuchagua pa kuanzia. Wakasema nini? "Nyumba ya Mungu kwanza!" Ukumbi mzima ukaitikia takbir.

Yule mama akaenda msikitini, akamkuta mwenyekiti anasimamia mtaro unaochimbwa. Akashuka mle mtaroni na kanga zake, akakaa.

"Toka humo, mama. Hii ni kazi ya Mungu."

"Sitoki. Hebu niambie, mzee wangu, maji ya hapa mnayafanyia nini?"

"Si tunatawadha? Tunanawa, tunasukutua."

"Mkishasukutua?"

"Tunatema."

"Mwanangu anameza!"

Mwenyekiti akafoka, "Unashindana na Mungu, wewe?"

"Na Mungu sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na wewe. Haya, nifukieni humu humu kama mna ubavu!"

Mafundi wakatazamana, wakaweka sururu chini.

Je, nani hapa angeshika koleo amfukie mama yule? Hakuna, eti? Tusijidanganye! Fedha za mabomba zimefika hapa kwetu juzi, na kamati yetu imepitisha msikiti huu uwe wa kwanza. Tumekwisha kumfukia, na takbir tukapiga. Kule bondeni watoto wamekunywa chai leo asubuhi kwa maji yale yale.

Nani aliyetuambia Mwenyezi Mungu ana kiu? Wenye kiu ni wale watoto. Nasema juu ya mimbari hii, na anayetaka kuniondoa aniondoe: penye watoto ndipo pa kuanzia, msikiti uwe wa mwisho. Tukishaswali, mtu asikimbilie pilau. Tunakwenda kwa kamati, sote, na hatubanduki mpaka waanze bondeni.