Kijiwe cha Mjane

Ndugu zangu, hebu nisikilizeni. Palikuwa na mjane mmoja kisiwani, na kwenye kilima cha kisiwa hicho yalisimama mawe marefu kuliko mtu, yamepangwa duara. Nani aliyasimamisha? Hakuna aliyejua. Lakini ndani ya duara hilo watu walizika wafu wao, na mjane alikuwa amemzika humo mwanawe wa pekee.

Akaja tajiri, akakitaka kilima ajenge kasri lake. Vijana wake wakalifunga kamba jiwe la kwanza, wakavuta mpaka kamba zikakatika. Jiwe, wapi! Wakachimba chini yake, na huko wakakuta nini? Vijiwe. Vijiwe vya kushikika mkononi, vimeshindiliwa kulizunguka, kama tunavyoshindilia nguzo za nyumba zetu.

Msimamizi wa tajiri akacheka. Akawaita wanakijiji, maana alitaka nao wawemo, asije akatokea wa kulalamika kesho. "Kila mmoja atoe kimoja tu," akasema. Nao wakatoa, ndugu zangu! Kijiwe kimoja ni kitu gani? Kila mtu akatoa chake, akajipangusa mikono. Jiwe likaanza kuinama. Kikabaki kimoja, fungu la mjane.

Mjane akapandwa na hasira. Akajifunga khanga kiunoni, akashuka shimoni, akaketi juu ya kile kijiwe.

"Bibi, toa hicho chako," msimamizi akamwambia. "Kijiwe kimoja kitazuia nini?"

"Mwanangu, kama hakizuii kitu, mbona unakitaka?"

Msimamizi akapaza sauti. "Toka humo, jiwe litakuangukia!"

"Liniangukie. Mwanangu amelala hapa. Sitoki."

Wanakijiji wakatazamana. Mmoja akainama, akaokota kijiwe chake, akashuka nacho shimoni. Akafuata mwingine, na mwingine. Jiwe lile halikuanguka.

Na sisi je? Si tunaombwa vijiwe kila siku? Tunaambiwa: nyamaza mara hii tu. Toa ushahidi wa kauongo haka kadogo tu, nani atajua? Tena hao hao wanaotuomba ndio wanaotuambia kwamba sauti zetu hazina uzito. Waulizeni: mbona mnazitaka? Wanajua vizuri kuliko sisi kinacholisimamisha jiwe.

Wewe uliyeketi pale nyuma, kijiwe chako kiko wapi? Ulishakitoa? Basi kiokote, ushuke nacho shimoni. Leo, ndugu yangu, wakati jiwe bado limesimama.