Meno ya Nyuma na Meno ya Mbele

"Meno ya nyuma yakibadilishwa, ya mbele yaambiwe."

Shangazi Restituta alimwambia hivyo kaka yetu Gidamis, aliyekuwa ameuza vitunguu vikiwa bado shambani bila kumwambia mkewe. Gidamis alicheka, akaendelea kushona magunia. Sisi tuliokuwa tukichambua vitunguu ndio tulioshindwa kuvumilia, tukauliza: meno gani hayo, na ya nani? Shangazi akajifuta mikono, akatueleza neno hilo lilikotoka.

Hapa Mang'ola palikuwa na mtu aitwaye Boay, mwenye gari kuukuu la porini, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Alikuwa akiliendesha kwa zamu na mkewe, Emiliana. Safari za kuvuka korongo zilikuwa za Emiliana, maana kwenye mchanga mguu wake ulikuwa mwepesi, na Boay mwenyewe alikiri hivyo mbele za watu.

Mwaka mmoja wa matope mengi walilivisha tairi kubwa. Gari likainuka, likapendeza, lakini likaishiwa nguvu. Kilima kidogo tu, linakohoa. Tairi kubwa huyashinda meno yaliyo ndani ya difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli linalozungusha magurudumu. Dawa yake ni kuweka meno mengine, yanayozungusha polepole kwa nguvu zaidi. Tena gari kama lile lina difu mbili, ya nyuma na ya mbele, na meno yake lazima yalingane. Yasipolingana, magurudumu ya mbele yatataka kukimbia wakati ya nyuma yanatembea.

Boay alijua yote hayo. Alipata meno ya nyuma, akayafunga. Ya mbele yakachelewa kupatikana. Akawaza: nikimaliza pande zote nitamshtua mke wangu kwa furaha. Maadamu gia ya mbele, ile inayotia nguvu magurudumu ya mbele, haijatiwa, gari litakwenda salama. Akanyamaza. Hakuwa mtu mbaya, wanangu. Alitaka tu kumfurahisha.

Kabla hajayapata, mama yake akateleza jikoni, akavunjika nyonga. Walimlaza juu ya godoro nyuma ya gari, Boay akapiga magoti kumshikilia, Emiliana akakamata usukani. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya korongo, na huko milimani mvua ilikuwa imeshaanza.

"Baba Pauli," Emiliana alisema njiani, "leo gari lina nguvu. Umelifanyia nini?"

"Wewe endesha tu. Utaona."

Walipofika ukingoni, Emiliana alifanya kama afanyavyo kila dereva wa huku: alisimama, akatia gia ya mbele, akashuka korongoni. Boay alikuwa ameinama, akimfunika mama blanketi. Hakuona.

Katikati ya mchanga gari lilianza kugonga chini kwa chini, kama mtu anayepiga nyundo sakafuni. Magurudumu ya mbele yakachimba shimo, yakazama. Emiliana akavuta ile gia aitoe. Imekwama. Akavuta kwa mikono miwili. Wapi!

"Nimeharibu nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba Pauli, nimeharibu nini?"

Maji yaliyokuwa ya kulowesha kwato tu yalikuwa yamegeuka rangi, yakileta vijiti na majani. Kila aliyekulia hapa anajua maana ya vijiti: mafuriko yako njiani.

"Hujaharibu kitu," Boay alisema. "Nilibadili meno ya nyuma. Ya mbele bado."

Emiliana akamtazama kwenye kioo. "Na nilipokuuliza?"

"Nilitaka nikimaliza..."

"Basi. Sema tufanyeje."

"Lazima nifungue propela ya mbele, ule ufito wa chuma unaopeleka nguvu huko. Zima injini, ukanyage breki. Usiachie mguu, hata mama akilia."

Akachukua spana, akashuka, akaingia chini ya gari kifudifudi, kisha akageuka chali ndani ya maji.

Emiliana alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mchanga ulikuwa ukiliwa na maji chini ya magurudumu. Alisikia gari likizama kidogo, likitulia, likizama tena.

"Mwanangu yuko wapi?" mama aliuliza.

"Yuko chini, Mama."

"Chini ya nini?"

Emiliana alisikiliza spana. Iligonga, ikanyamaza, ikagonga. Kisha ikanyamaza kabisa.

"Boay!" Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu wazae. "Boay!"

Maji yaligusa kizingiti cha mlango. Emiliana hakuiinua miguu yake. Angeiinua, gari lingemlalia Boay.

Mkono ukashika dirisha. Boay akainuka akitapika maji, masikio yamejaa mchanga. "Imetoka. Nimeifunga juu isiburute. Twende, gia nzito, polepole!"

Akapanda. Emiliana akawasha. Meno mapya ya nyuma yakauma, tairi kubwa zikashika, gari likajikokota kutoka shimoni na kupanda ukingo, hatua kwa hatua kama punda mzee. Walipogeuka kutazama, mahali waliposimama palikuwa pakipita mti mzima.

Emiliana alinyoosha mkono nyuma, akampangusa mume wake mchanga sikioni, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Hospitalini Boay na Emiliana walimwingiza mama na godoro lake, Boay ameshika upande wa miguu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameshika suruali isianguke, maana propela ilikuwa imefungwa kwa mkanda wake.

"Baba, mkanda wako uko wapi?" muuguzi aliuliza.

Boay akaipandisha suruali. Mama yake, na maumivu yake yote, ndiye aliyejibu kutoka kitandani:

"Muulize mke wake, binti yangu. Mimi gari silijui. Ninachojua ni hiki: meno ya nyuma yakibadilishwa, ya mbele yaambiwe."