Maji ya Fiwi Nyeusi

"Mnywa maji ya fiwi asimlaumu mpishi." Mmeisikia sokoni mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ilikotoka. Chanzo chake, kama nilivyosimuliwa, ni hiki.

Niendiwe, binti wa milimani, aliolewa bondeni. Katika mzigo wake alileta mbegu za fiwi nyeusi, jamii ya maharage, akazipanda kando ya ua wa wakwe zake. Mama mkwe wake, Bi Namsifu, alizitilia shaka tangu zilipochanua. Bondeni walilima fiwi nyeupe, ambazo maji yake ya kuchemshia ni mchuzi. Mpishi aliyeyamwaga alihesabiwa kuwa ama mfujaji, ama mtu mwenye jambo analolificha. Bi Namsifu alielekea zaidi kwenye dhana ya pili.

Fiwi zilipokauka, Niendiwe alizivuna akazipika. Zilipochemka aliyachuja maji, meusi kama wino, akayaacha yapoe ndooni, kisha akatia mengine chunguni.

"Hayo unayapeleka wapi?" akauliza Bi Namsifu.

"Nitayamwaga nyuma ya ua, mama, mbali na kuku."

"Kuku wamekosa nini?"

"Yatawadhuru. Hata sisi watu hatuyanywi."

"Kumbe," akasema Bi Namsifu.

Niendiwe alipokwenda kuleta kuni, mama mkwe alichota kata moja ya maji yale akanywa, ili ajue kilichotiwa humo. Yalikuwa machungu, naye akaridhika kwamba ushahidi umepatikana. Kufikia alasiri alikuwa akitapika, na sanduku la Niendiwe lilikwisha kutolewa nje, arudishwe kwao kwa kosa la kutia sumu.

Baba mkwe, Mzee Sekiete, alikuwa amekula fiwi zile mchana na kuongezwa sahani ya pili. Akamgeukia mkewe.

"Maji hayo ulipewa na nani, mke wangu?"

"Niliyachota mwenyewe, ndooni."

"Ndoo ya kunywa?"

"Ya kumwaga. Lakini yana sumu. Mwenyewe kaniambia."

"Alikuambia kabla hujanywa?"

Bi Namsifu akajifuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Mimi nimekula fiwi zenyewe," akasema mzee, "na tumbo langu halina malalamiko."

"Sumu nyingine hukawia."

"Basi tuingoje. Mwanangu Niendiwe, nipakulie tena."

Akala mbele yao, polepole, sanduku likiwa bado nje. Jua likazama, na hakuna kilichompata isipokuwa usingizi. Hapo Bi Namsifu akainuka, akalirudisha sanduku ndani kwa mikono yake, bila kuomba radhi. Tangu siku hiyo alikula fiwi nyeusi pamoja na wengine, ila daima alimngoja mumewe atangulie.

Majirani walipotaka mbegu, Niendiwe aliwagawia, kila mmoja pamoja na onyo lake. Mbegu zile zimekwisha kupotea. Onyo limesalia: mnywa maji ya fiwi asimlaumu mpishi.