Kilemba Chekundu cha Amiri Famau

"Kilemba hukijua aliyekifunga."

Ndivyo alivyosema Bibi Mwanakombo mchana ule, wala hakuinua uso kutoka kwenye ungo wa mchele. Sisi wajukuu tulikuwa tumekaa naye ukumbini, tukipokezana simu. Shangazi Mize alikuwa ametumiwa picha na mwanawe aliyeko Maskati: kijana amevaa suti, anacheka, nyuma yake gari jeupe. Tulimwambia shangazi kwamba ana bahati. Yeye aliitazama picha kwa muda, akaingia chumbani kwake, na chakula hakukigusa. Tulipoulizana ana nini, ndipo Bibi aliposema maneno hayo. Tukamwomba atueleze yalikotoka.

Bibi aliweka ungo chini. "Maneno haya yana kaburi lake," alisema. "Mwanzo wake ulikuwa hivi."

Zamani mji wa kisiwani wa Kiwamuni ulikuwa na amiri wa majahazi aliyeitwa Famau wa Lali. Sifa zake zilijaa pwani nzima. Mama walimtaja walipobembeleza watoto, na mabaharia walikuwa wakisema kwamba palipo na kilemba chekundu cha Famau, hapana mtu anayekimbia. Hayo hayakuwa majigambo matupu, kwa sababu kilemba kile ndicho kilichokuwa bendera yao. Katika vita kila nahodha alikitafuta kwa macho kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo cha amiri. Kikionekana, watu walisonga mbele. Kikitoweka, kila chombo kiligeuza kurudi.

Ada ya mji ilikuwa kwamba kilemba cha amiri kifungwe na mwanamke wa nyumba yake, na kisifunguliwe mpaka atakaporudi. Famau alifungiwa chake na mkewe, Mwana Zena. Sasa, sikio la kushoto la Famau lilimuuma sana upepo ukilipiga. Amiri hawezi kwenda vitani amejitatia kitambaa kama mgonjwa. Basi Mwana Zena alikuwa akishusha kunjo moja la kilemba likalifunika sikio lile, kwa ustadi hata watu wakadhani ni pambo. Hilo walilijua wao wawili tu.

Mwaka mmoja walikuja wavamizi kutoka kusini, na kila mwanamume mwenye nguvu akapanda chomboni. Mjini walibaki wanawake, watoto na wazee. Jua lilipochomoza mizinga ilianza kunguruma nje ya mwamba uliokinga bandari. Wanawake walisimama kwenye ukuta wa pwani, lakini moshi ulikuwa umeificha bahari, na hawakuona kitu. Hakuna aliyewasha moto wa kupikia. Kila mshindo uliposikika, kila mmoja alimfikiria wa kwake. Mwana Zena alilikunja pindo la leso yake, akalikunjua, akalikunja tena.

Kisha mizinga ikanyamaza, na kimya kile kikawa kizito kuliko mishindo.

Moshi ulipoinuka, waliona vyombo vya adui vikiungua na vingine vimelala ubavu. Vyombo vya Kiwamuni vilikuwa vinarudi. Mbele yavyo, kwenye tezi ya chombo cha amiri, kilemba chekundu kilikuwa kimesimama. Watoto wakaanza kurukaruka.

Lakini nje ya mwamba majahazi matatu ya adui yalikuwa hayajaondoka. Yalikaa pale pale, yakingoja. Watu wale waliwahi kufanya biashara Kiwamuni miaka mingi kabla ya uadui, nao walizijua ada za mji. Walijua kwamba vigelegele vya ushindi huanzwa na nyumba ya amiri, na kabla ya hapo hakuna anayeruhusiwa kushangilia. Walikuwa wanatega masikio. Wakisikia vigelegele, wangejua Famau yu hai, wangekwenda zao. Wakisikia kilio, wangejua mji umebaki na mabaharia waliochoka, wasio na kiongozi, nao wangerudi kuushambulia.

Chombo cha amiri kiliingia mlango wa bahari, kikapita karibu na ukuta. Mwana Zena alimtazama mtu aliyesimama tezini. Upepo ulikuwa mkali.

Sikio la kushoto lilikuwa wazi.

Kando yake alisimama wifi yake, Somoe, dada wa Famau. Somoe alikuwa mcheshi tangu utotoni, na furaha ilikuwa imemjaa.

"Anza basi, wifi," alisema. "Mumeo yule pale amesimama kama mlingoti. Au unangoja yeye akuimbie kwanza?"

Mwana Zena alitazama majahazi matatu, akatazama wanawake waliopanga mstari ukutani wakimngoja, kila mmoja na mwanawe au mumewe kwenye vyombo vile.

"Somoe, nishike mkono."

"Una nini? Mkono wako wa baridi."

"Nishike tu. Usiniachie."

Kisha akainua uso, akapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, hakikukatika. Ukuta mzima ukampokea, na sauti ikavuka maji hadi kwenye mwamba. Alipiga cha pili, na cha tatu. Majahazi ya adui yakatweka matanga, yakageuza, yakaenda. Mwana Zena aliendelea mpaka tanga la mwisho lilipopotea machoni. Hapo akaketi chini.

Aliyeshuka chomboni alikuwa Shekuwe, mshika usukani. Alikivua kilemba, akampelekea Mwana Zena kwa mikono miwili. Alimweleza kwamba amiri alipigwa risasi asubuhi, vita vikiwa katikati. Kabla ya kukata roho alimwamuru akivae, ili watu wasivunjike moyo.

"Nisamehe, mama," alisema. "Sikujua kukifunga kama wewe."

"Nilikuona tangu mlango wa bahari, Shekuwe. Sikio lako lilikuwa wazi."

Somoe alimgeukia. "Ulijua? Ulijua, na mkono wangu ukiwa mkononi mwako?"

"Ningekwambia wewe, ungelia. Nani angekulaumu?"

Wakakumbatiana pale chini, na sasa wakalia.

Famau alizikwa jioni hiyo. Baada ya siku chache maneno yakaanza kupita vibarazani, kwamba Mwana Zena ni mwanamke wa namna gani, aliyempigia mumewe maiti vigelegele. Somoe aliyasikia kisimani. Aliitua ndoo yake, akawatazama wasemaji mmoja mmoja, na utani wake wote ulikuwa umemtoka.

"Nyinyi mliona kilemba mkacheka," alisema. "Yeye aliona, akabeba. Kilemba hukijua aliyekifunga."

Hapo Bibi alimaliza, akauchukua ungo wake. Tuliitazama tena picha ya simu. Suti ilikuwa nzuri, na gari lilikuwa jeupe vilevile, lakini hatukuwa tena na hakika ya kile kicheko. Mmoja wetu aliinuka akamimina chai kikombeni, akaipeleka chumbani kwa Shangazi Mize. Aliketi karibu naye kitandani, akamshika mkono.

Kilemba hukijua aliyekifunga.