Firigisi ya Marehemu Senkondo

Hapo zamani, si zamani sana maana maandazi yalikuwa yameshazoeleka milimani Upare, Nakiete alifiwa na mumewe, Senkondo. Kwa miaka thelathini Senkondo alimwambia mwinjilisti, "Nitaokoka Jumapili." Akafa Jumamosi.

Kaburini, Mwinjilisti Elieza hakumung'unya maneno: "Moto ule hauzimiki, na aliyemo hatoki." Tangu siku hiyo Nakiete, muuza maandazi, hakuweza kuwasha jiko. Kila akisogeza kiberiti kwenye kuni, alimwona Senkondo wake katikati ya moto. Wateja wakahamia kwingine, yeye akawa anakula vya majirani kwa aibu.

"Atakayenifanya niwashe moto," akasema, "nitamchinjia jogoo, na firigisi itakuwa yake." Na firigisi, mnajua wenyewe, ni moja na haigawanywi.

Wakaja watatu, wakaketi jikoni penye baridi.

Mwinjilisti akasema, "Mama, nilichosema sikifuti. Lakini nani alipanda mlima huu kila wiki, mvua na jua, kumsihi mumeo? Ningekuwa siamini moto huo, ningelala kwangu." Macho yake yalikuwa mekundu. Nakiete akaona kuwa huyu naye amemlilia Senkondo, hasira ikamtoka.

Mbwambo, rafiki wa marehemu na Msabato, akasema, "Shemeji, kwanza kwa kufa Jumamosi hakukosea siku. Pili, moto wa Mungu unateketeza, unamaliza. Mwovu atakuwa majivu, na majivu hayalii." Akafungua Biblia, akaweka kidole penyewe.

"Kwa hiyo hateseki?"

"Sasa hivi amelala tu, hajui lolote."

"Na nitamwona tena?"

Mbwambo akafunga Biblia polepole. Nakiete alishusha pumzi, kisha akalia.

Ikafika zamu ya Namsifu, dada wa marehemu. "Wifi, kaka yangu alikuwa akigusa sufuria ya moto anapiga kelele mpaka kijiji cha pili. Mungu atastahimili kelele hizo milele? Atamgeuza kidogo kama andazi, akiiva atamwepua."

"Umesoma wapi hayo?"

"Sijasoma. Kaka namjua sana, na Mungu namjua kidogo."

Nakiete akacheka. Alipomaliza kucheka kuni zilikuwa zinawaka, na kiberiti kilikuwa mkononi mwake mwenyewe.

Jogoo akaiva. "Mimi nilimhangaikia akiwa hai," akasema Mwinjilisti. "Mimi nilikutoa hofu kwa Maandiko," akasema Mbwambo. "Mimi nilikuchekesha," akasema Namsifu, "na kama firigisi hailiwi na wanawake, leo italiwa."

Nakiete akaichota firigisi. Kwa mazoea ya miaka thelathini, mkono ukaelekea kwenye kiti cha Senkondo, kitupu. Ukabaki hapo hewani, na mchuzi unadondoka.

Jamani, inapoa. Je, firigisi hiyo ni ya nani?