Kiboko Ahamia Mwisho wa Bomba

Hapo zamani za kale... Ebu, nani kaacha bomba linachuruzika huko uani? Kafunge! Sisimulii mpaka lifungwe.

Haya. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mji wao, nyumba zinaota kama uyoga. Chemchemi ilikuwa moja tu, juu kilimani, ikijaza tangi, na bomba moja likishuka kutoka hapo hadi bondeni.

Mwenyekiti wa maji alikuwa Kiboko, na nyumba yake ilikuwa pale pale kwenye tangi. Kila asubuhi, chubwi! Anaoga humo humo.

Huku bondeni, mwisho wa bomba, alikaa Pimbi, mnyama mdogo kama paka. Mkewe alikuwa amejifungua juzi, na mama mkwe amekuja kumkanda kwa maji ya moto, kama desturi. Maji yenyewe yako wapi? Ukifungua bomba, fyuuu! Upepo mtupu.

"Baba wee," mama mkwe akafoka, sufuria tupu mkononi, "mzazi huyu nimkande kwa mate?"

Pimbi aliona aibu mno. Akapanda kilima mbio.

"Shikamoo, Mwenyekiti! Hivi mkubwa kama wewe unakaa huku porini? Harusi zote zinapita kwetu bondeni. Pilau ikikufikia huku ni ukoko!"

"Kumbe!" Kiboko akaguna. "Nami nikidhani wananibania."

"Hamia kwetu, Mwenyekiti. Tutakujengea baraza, na beseni la kuogea la kukuenea."

Lo! Kiboko akahama kwa ngoma na vigelegele. Nyumba ya kilimani akamwachia shemeji yake, Tembo.

Kesho yake akajibwaga kwenye beseni jipya, akafungua bomba. Fyuuu! Akatoka buibui.

"Pimbi! Maji yangu yako wapi?"

"Tembo anaoga tangini, Mwenyekiti, kama ulivyokuwa ukioga wewe. Na kwa Nyani bomba limetoboka, anasema si lake. Sisi tulipolalamika ulituambia tuvumilie, tukavumilia."

"Nivumilie, na ngozi inapasuka?"

Kiboko akapanda kilima, puu, puu, puu, mji mzima nyuma yake.

"Tembo, toka humo! Kuanzia leo hakuna kuoga tangini! Kila nyumba na fungu lake! Nyani, ziba hilo tundu!"

Tembo akanuna. "Basi rudi kwako, shemeji, tuishie hapo."

"Aa-aa!" mji ukapiga kelele. "Mwenyekiti wetu abaki kule kule chini!"

Kiboko akamkodolea macho Pimbi. "Umenipata, kidudu wewe."

"Karibu ujirani, Mwenyekiti."

Jioni maji yakafika bondeni. Punde si punde, nyumbani kwa Pimbi kukasikika ukelele.

"Uwiii! Mama, unaniunguza!"

"Tulia wewe! Maji haya yametafutwa!"

Pimbi, huko nje, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Basi wanangu, mgawa maji na akae mwisho wa bomba.